Kona ya Dada: Karatasi Hii Si ya Kufungia Karanga

Sogezeni mkeka mkae wadogo zangu, leo nina neno, na neno lenyewe nimelikuta kwenye karanga.

Juzi nilikuwa stendi ya Kibiti nasubiri gari la kwenda Bungu. Nikanunua karanga, kijana akanimiminia kwenye karatasi iliyokunjwa pembe, kama ada yetu. Nikazitafuna mpaka zikaisha, macho yakabaki kwenye karatasi. Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi, na picha ya radi imekatwa mstari. Kumbe ilikuwa ile karatasi inayokuja ndani ya boksi la modemu ya intaneti, inayokueleza kifaa ukiweke wapi, ukichomeke vipi na wakati gani usikiguse kabisa. Ilikuwa mpya. Mkunjo wa kiwandani na mkunjo wa muuza karanga, basi, hakuna jicho jingine lililopita pale.

Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Ya kwangu mimi mama aliiwashia jiko la mkaa.

Kwa hiyo leo sikugombezi sana, mdogo wangu, maana tuko wengi. Fundi kaja na ruta yako mpya, watoto wamekuzunguka, kila mtu anataka kuona taa ya kijani iwake. Nani ana subira ya kusoma karatasi? Taa ikiwaka unapiga kigelegele, fundi anakunywa soda yake anaondoka, karatasi inaingia jikoni. Ni kosa la kila nyumba na linasameheka. Tatizo ni kwamba umeme haujui kusamehe, na sheria nayo haikuulizi kama karatasi ulifungia karanga.

Nikupe kisa changu ujue sisemi kwa kujivuna.

Ilikuwa masika. Jioni mawingu yakapanda kutoka upande wa Delta ya Rufiji, meusi tii, radi zinanguruma mbali huko mikokoni. Mama akaniambia, “Chomoa vitu vyako.” Nikamjibu, “Bado dakika kumi, mama, tamthilia inaisha.” Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la kwangu lilivunjika kabla ya tangazo la biashara. Radi ilipiga mnazi wa jirani. Nilisikia mlio kama kibiriti kikubwa kinachowashwa, kisha harufu ile ya plastiki inayoungua, ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Ruta kwisha. Adapta imeyeyukia kwenye soketi. Na televisheni pia, maana niliiunga na ruta kwa waya. Mama hakusema kitu. Alikwenda kuangalia wali wake. Kimya kile kiliniuma kuliko hasara.

Sasa sikiliza vizuri. Mawingu yakianza kupanda, chomoa. Sijasema uzime swichi, nimesema uchomoe plagi itoke ukutani, kwa sababu radi inaruka swichi kama mbuzi anavyoruka fito. Na usiishie kwenye plagi ya umeme. Radi inasafiri kwenye waya wowote wa shaba, uwe wa simu, wa antena au ule uliounga ruta na televisheni. Ikikosa mlango mmoja inaingilia mwingine. Wewe uliyeletewa faiba usijitape kwamba waya wako ni wa kioo. Ni kweli kioo hakibebi umeme, lakini kiboksi chake kinakunywa umeme ule ule wa ukutani. Chomoa nacho. Na fanya hivyo radi ikiwa bado mbali. Ikishafika juu ya bati lako usianze kukimbilia soketi, kaa mbali na nyaya umwombe Mungu.

Tukiwa kwenye faiba, kuna jambo linanitisha. Waya ukikatika, mtu anauokota, anauchungulia kwenye ncha kama anayetafuta mwanga kwenye bomba. Usifanye hivyo! Mwanga unaopita mle macho yetu hayauoni, lakini haina maana kwamba jicho haliumii. Na ile ncha iliyokatika ni kioo chembamba kama unywele, kikikuingia kidoleni utakitafuta mpaka ulie. Ukiona taa nyekundu imewaka kwenye kiboksi, piga simu kwa waliokuunganishia. Mtoto asichezee kabisa.

Umeme ukikatika nako kuna adabu yake. Tunafurahi ukirudi, watoto wanapiga kelele mtaa mzima, na hapo ndipo vitu vinapoungua, maana mara nyingine umeme hurudi kwa kishindo kuliko kiwango chake. Kiwango cha nyumbani kwetu Tanzania ni volti 230. Ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie, ndipo uchomeke. Ukiwa na uwezo nunua stabilaiza. Kama huna, subira yako ndiyo stabilaiza. Halafu muulize fundi kama nyumba yako ina waya wa ethi ulioingia ardhini kweli, au ule mguu wa tatu wa plagi umewekwa kama pambo. Fundi mwenyewe awe na leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati. Usimwite kijana aliyejifunzia umeme kwenye redio ya babu yake.

Haya, tuje kwenye adapta, maana hapa ndipo barua zenu nyingi zinapolilia. Mmoja kaniandikia ruta yake inazima kila baada ya nusu saa. Nikamuuliza adapta yake iko wapi. Kasema iliungua, anatumia ya king'amuzi kwa sababu tundu linaingia. Mdogo wangu! Kiatu kuingia mguuni si kwamba ni chako. Geuza ruta usome stika ya chini. Kama imeandikwa volti 12, adapta iandikwe volti 12, isiwe 9 wala 24. Ukipeleka ndogo ruta itazimazima kama mgonjwa, ukipeleka kubwa utaiua. Zile ampea, zilingane na za kwenye stika au zizidi, zisipungue tu. Na kuna alama ndogo inayoonyesha chanya iko katikati ya tundu au pembeni; hiyo nayo ifanane. Ukishindwa kusoma, ipige picha stika hiyo uende nayo dukani. Kutojua si aibu, aibu ni kubahatisha na nyumba yenye watoto waliolala.

Kuna na wewe uliyeletewa modemu na shemeji wa Marekani. Zawadi nzuri, Mungu ambariki. Ila kabla hujaichomeka, soma kwenye adapta palipoandikwa umeme wa kuingia. Ukiona 100 mpaka 240, sawa, itafaa kote kote. Ukiona 120 peke yake, hiyo ni ya kwao huko, kwetu itavuta pumzi moja na kufa. Na huenda modemu yenyewe ni ya kuunganishwa kwenye waya wa televisheni ya kebo, ambao wenzetu wanao ukutani. Hapa Kibiti utaishika mkononi utafute pa kuichomeka, hupaoni. Mwambie shemeji aulize kwanza, safari nyingine alete viatu.

Sasa nataka tucheke kidogo. Najua mnavyopenda vitambaa vya kufuma. Redio ina chake, televisheni ina chake, na ruta masikini nayo mmeifunika gubigubi kama bibi harusi. Wadogo zangu, ruta si mwari! Yale matundu ya pembeni ni pua zake. Ukiifunika inahema kwa shida, inapata joto, mwisho inakufa kabla ya siku zake, au inafanya jambo baya zaidi ya kufa, inashika moto. Itoe kitambaa. Itoe kabatini. Itoe juu ya king'amuzi, maana wawili wenye homa hawalali kitanda kimoja.

Na iweke juu. Bibi zetu wa Rufiji walijua kitu hiki kabla ya waya wowote kufika. Shambani bondeni walijenga dungu juu ya miti, mlinzi akae mbali na maji na mbali na nguruwe. Ruta yako nayo ijengee dungu lake, kirafu kidogo ukutani, katikati ya nyumba ikiwezekana. Mawimbi yatatawanyika vizuri vyumbani, mtoto hatafikia nyaya, na maji yakiingia ndani hayataikuta sakafuni. Sihitaji kukukumbusha Aprili 2024, mafuriko yalipokuja Kibiti na Rufiji na watu wakaokoa magodoro tu. Kiboksi kilichokaa chini hakikuokolewa na mtu. Kikishalowa usikichomeke kuona kama bado kizima, hata kama umekianika jua la siku tatu. Matope yanabaki ndani, na umeme unayapenda sana matope. Ninyi wa Nyamisati na visiwani huko, hewa yenu ina chumvi, inakula vyuma vya plagi taratibu. Ukiona ukungu wa kijani kwenye pini, usidharau. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nirudi kwenye karatasi yangu ya karanga. Katikati kulikuwa na maneno ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani, yale ambayo yamo karibu kwenye kila kifaa kinachouzwa huko. Nikiyaweka kwa lugha ya nyumbani, yanasema hivi: kifaa hiki kisiwasumbue wenzake, na wenzake wakikisumbua, kivumilie. Wallahi nilidhani nasoma maneno ya kungwi! Lakini maana yake ni nzito. Hewani kuna njia zinazopita simu zetu, redio zetu, ndege zetu. Kifaa kibovu kinapiga kelele kwenye njia za wengine bila wewe kusikia. Ndiyo maana kila nchi ina mwenye kukagua kabla kifaa hakijaruhusiwa kutumika. Ukiona alama ya CE, kimetengenezwa kwa kufuata masharti ya Ulaya. Ukiona FCC, ni masharti ya Marekani. Kwetu mwenye mamlaka ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na adapta na ekstensheni zake zinatazamwa na TBS, Shirika la Viwango. Cheti cha kwa wenzetu si cheti cha hapa, kama vile leseni ya bodaboda isivyokupa ruhusa ya kuendesha boti.

Hivyo ukienda kununua, usivutiwe na bei tu. Muulize muuzaji, “Kifaa hiki kimeidhinishwa na TCRA?” Akikukodolea macho, ondoka. Dai risiti. Kama ni ruta ya kuweka laini ya simu, ina namba ya utambulisho kama simu, tarakimu 15, imeandikwa kwenye stika. Mnakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima na watu wakabaki na vipande vya plastiki mikononi? Namba ile ile ndiyo iliyozizima. Ukiituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 unajibiwa ni kifaa gani, ulinganishe na unachokiona mezani. Fanya hivyo ukiwa bado dukani na pesa ikiwa bado yako. Na yale madishi ya setilaiti ya kupitishwa kimya kimya, na vile vidude vya kukuza mawimbi vinavyouzwa kwa kunong'onezwa, viache viende na wenyewe. Kitu unachonong'onezewa leo, kesho utakijibia kwa sauti.

Halafu laini iliyomo ndani. Imesajiliwa kwa jina la nani? Usiangalie chini, najua. Ya shemeji, au ya kijana wa kibanda aliyekwambia, “Dada, hii iko tayari, chukua tu.” Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA tangu zoezi lile lililofika mwisho Januari 2020, na kila kinachopita kwenye laini kinaandikwa kwa mwenye kidole. Siku shemeji akigombana na dada yako, laini inafungwa na intaneti yako inakufa nayo. Na wewe uliyetoa kidole chako kwa hisani, siku laini ikitumika kutapeli, atakayetafutwa ni wewe, watoto wako wakiwa wanakuangalia. Piga *106# sasa hivi, tazama ni namba ngapi ziko chini ya kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika waifute. Na tapeli akikutumia ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, usimtukane, peleka namba yake 15040.

Nimefika kwenye jina, na hapo ndipo nilipokuwa nakupeleka tangu kwenye karanga. Kiboksi kile kina jina lako. Unakiona ni cha watoto kuangalia katuni, lakini kila anayekitumia anatoka nje akiwa amevaa nguo zako. Mpita njia aliyekaa chini ya mwembe wako akatuma matusi au picha chafu, huko yalikofika yanaonekana yametoka nyumbani kwako. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na wanaofuatilia wakifuata nyayo, nyayo zinaishia mlangoni kwako. Hata ukija kuonekana huna hatia, je, ile asubuhi gari liliposimama uani? Majirani waliochungulia dirishani? Mama yako aliyeshika kanga mdomoni? Hayo hakuna wa kukufutia.

Ndiyo maana nakubembeleza ubadilishe paswedi. Ile iliyokuja kwenye stika imeonwa na fundi, na wageni, na mtoto wa jirani aliyeipiga picha. Na kuna paswedi ya pili watu wengi hawaijui kabisa, ile ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Kwenye ruta nyingi inatoka kiwandani ikiwa neno moja tu jepesi, na wezi wa dunia nzima wanalijua neno hilo. Mwaka 2016 wahalifu waliziteka kamera na ruta za majumbani kwa maelfu kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, wakazitumia kuangusha huduma kubwa za intaneti. Novemba mwaka huo huo, Ujerumani, nyumba kama 900,000 zilipotelewa na intaneti kwa sababu ya shambulio kwenye ruta zao. Wale hawakuwa wajinga, walikuwa watu kama mimi na wewe waliofurahia taa ya kijani.

Nawakumbusha na mwaka wetu wa msukosuko. Mei 2024, kimbunga Hidaya kimetoka kupiga Mafia, hapo ng'ambo yetu tu, barabara ya kusini imekatika, watu hawajakaa sawa, tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikaharibika. Intaneti ikayumba vibaya nchini. Mnakumbuka mlichofanya? Mlichukua pini mkabonyeza kile kitundu cha nyuma! Ruta haikuwa na kosa, kosa lilikuwa baharini, lakini mliisahaulisha kila kitu, ikarudi na paswedi ya kiwandani, na wengine mpaka leo hamjaibadilisha. Kitundu kile si dawa ya malaria, hakibonyezwi kwa kila homa. Anza kwa kuuliza jirani kama na yeye hana. Kisha zima, hesabu mpaka thelathini, washa. Kitundu kiwe cha mwisho, na baada yake weka paswedi yako upya siku hiyo hiyo.

Paswedi nzuri iwe ndefu, maneno manne yasiyohusiana, ambayo wewe unayakumbuka na mwizi hayafikirii. Si jina la mwanao, si mwaka wako wa kuzaliwa, na usiite waifai yako kwa jina lako na namba ya nyumba, unamwelekeza nani? Ukiingia kwenye mipangilio, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uikubali ruta ikiomba kusasishwa. Ukishindwa, mwite kijana unayemwamini, ukae naye, uandike paswedi mwenyewe yeye akiangalia pembeni.

Sasa ule msiba wa jirani. Mmoja wenu kaniandikia kwa uchungu kwamba tangu amnyime jirani paswedi, salamu zimekatika na hata chumvi hawaombani. Pole mdogo wangu, najua inavyochoma, sisi tumelelewa kugawana hata kichwa cha samaki. Lakini kichwa cha samaki hakina jina lako ndani yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ruta nyingi zina mlango wa wageni, mtandao wa pembeni wenye paswedi yake. Uwashe. Mgeni apate cha kumwonyesha mwanae picha, akiondoka ubadilishe. Jirani mwambie kwa upole, ukiwa umebeba sahani ya wali, “Nyumbani kwangu intaneti naijibia mimi.” Atanuna wiki mbili, atarudi. Afadhali kununiwa kuliko kuhojiwa.

Na wewe wa karibu na stendi, unayetaka kuuza waifai ya nyumbani kwa vocha za siku, nakupenda kwa akili ya biashara, lakini kaa chini kwanza. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, anayewauzia watu huduma ya mawasiliano anatakiwa kuwa na leseni. Kifurushi ulichouziwa cha nyumbani ni cha nyumbani. Nenda kwa kampuni uliyojiunga nayo uulize kama wana mpango wa wakala, nenda ofisi ya TCRA ya kanda uulize leseni inayokufaa. Ukianza kwa halali utalala usingizi. Ukianza kwa kujificha, kila anayeingia na shati lililonyooshwa utadhani kaja kukukamata.

Upande wa pili wa shilingi, wewe nawe una haki. Ukilipia huduma ukapewa taa nyekundu, lalamika kwa aliyekuuzia, kwa maandishi, utunze namba ya lalamiko. Asipokusikia, nenda TCRA. Lipo hata baraza la kuwatetea watumiaji wa mawasiliano, TCRA-CCC. Usikae barazani unalaani mvua na mwavuli upo.

Dada mmoja mjamzito kaniuliza kwa hofu kama mawimbi ya ruta yatamdhuru mwanae. Nakushika mkono, hofu yako ni ya mama. Mawimbi haya si yale ya eksirei. Kwa masharti ya Ulaya, waifai ya nyumbani kwenye masafa yale ya gigahezi 2.4 hairuhusiwi kuzidi sehemu ya kumi ya wati, na simu unayolala nayo chini ya mto inaweza kufikia zaidi ya hapo. Kwetu Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ndiyo inayopima mionzi, pamoja na ya minara ya simu. Hata hivyo karatasi yangu ya karanga inashauri mwili ukae sentimita 20 mbali na kifaa, kama urefu wa shibiri. Kwa hiyo ruta isikae kichwani mwa kitanda, ikae kwenye dungu lake, na wewe lala kwa amani. Ukitaka cha kuogopa, ogopa ekstensheni yenye plagi saba zilizobebana chini ya godoro.

Na ikifa, izike kwa heshima. Kabla hujaiuza au kuigawa, hapo sasa kitundu cha nyuma kibonyeze kwa roho safi, ifute paswedi zako. Usiitupe mikokoni wala kuichoma na majani, ule moshi na zile sumu za ndani zitarudi kwetu kupitia kamba na samaki. Taka za kielektroniki zina kanuni zake nchini, muulize aliyekuuzia wapi anazipokea.

Nimesema mengi, nyamazeni msinune. Minara inazidi kuja, mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa hiyo viboksi hivi vitaingia mpaka kwa bibi. Atakayemsomea bibi karatasi ni wewe.

Mimi ile ya karanga niliikunjua, nikaifuta mafuta kwa pindo la kanga, nikaipeleka nyumbani. Mama aliipokea akaigeuzageuza, akauliza, “Hii ndiyo ile?” Nikamwambia ndiyo. Akaenda nayo chumbani, akaiweka kwenye mkoba anaotunzia kadi ya kliniki na hati ya shamba. Jana mawingu yalipopanda, alinyanyuka yeye wa kwanza, akachomoa, akaniangalia. Hakusema kitu.

Dada yenu.